UMRI WA ARDHI, NA HESABU ISIYO NA ISNADI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyeziumba mbingu na ardhi kwa haki. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya hapa Jego, baada ya sala ya Magharibi, lilitokea jambo ambalo tumeona haifai kulinyamazia. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, aliyehifadhi sehemu kubwa ya Kurani na asiyekuwa na desturi ya kukosa darsa, aliinua mkono akauliza: "Shuleni tumesomeshwa kuwa ardhi ina umri wa miaka bilioni nne na nusu. Nasi tulipokuwa chuoni tuliambiwa kuwa umri wa dunia yote ni miaka elfu saba, na kwamba tuko katika elfu ya mwisho. Je, nishike lipi?"

Kabla mwalimu hajafungua kinywa, mmoja katika wakubwa waliohudhuria alimkemea, akamwambia kuwa hayo ni maneno ya makafiri, na mwenye kuyasadiki aitazame imani yake. Wengine wakacheka. Nasi wenye darsa tukanyamaza, tukijipa udhuru kuwa swali ni refu na Isha imekaribia. Kijana alifunga juzuu yake, akatoka. Ijumaa tatu zikapita hatukumuona darsani.

Tulipokwenda kwao kumtazama, mama yake alitupokea kwa adabu, akatukaribisha kitako, kisha akatwambia: "Wanangu, mimi sikusoma. Lakini najua mwanangu hakuikataa dini, aliuliza tu. Na nyinyi ndio aliowategemea."

Neno hilo lilitutia haya, na lilistahiki kututia haya. Kijana yule hakuondolewa darsani na mwalimu wa sayansi. Aliondolewa na ukali wa mmoja wetu na kimya chetu sisi wengine. Basi waraka huu ni jibu ambalo ilitupasa kulitoa usiku ule. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kuchelewa kwake.

MIAKA ELFU SABA IMETOKA WAPI?

Jambo la kwanza ambalo Mwislamu hulitafuta katika neno lolote linalonasibishwa na dini ni asili yake. Nani kalisema? Kalipokea kwa nani? Hii ndiyo ilimu ya isnadi, ambayo umma huu umetukuka kwayo. Ikiwa twaambiwa kuwa umri wa dunia ni miaka elfu saba, ni wajibu wetu kuuliza: Je, hayo yamo katika Kurani? Je, yamethibiti kwa Mtume (S.A.W.)?

Ama katika Kurani, hayamo. Somesheni Kitabu chote tangu Alhamdu mpaka Qul audhu, hamtaiona aya moja inayotaja umri wa ardhi kwa hesabu ya miaka. Mwenyezi Mungu ametutajia kuwa aliziumba mbingu na ardhi katika siku sita. Hakututajia ni lini, wala ni miaka mingapi imepita tangu hapo.

Ama kwa Mtume (S.A.W.), ipo riwaya inayosema kuwa dunia ni miaka elfu saba, nasi tuko katika elfu ya saba. Riwaya hiyo ndiyo iliyoenea katika midomo ya watu na katika baadhi ya vitabu vya kisa na mawaidha. Lakini wanavyuoni waliibainisha hali yake zamani sana, kabla ya kuwako shule hizi wala walimu hawa wa sayansi. Imamu Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 456 Hijria (1064), aliandika katika kitabu chake Al-Fisal kuwa Mayahudi wana hesabu yao na Wakristo wana hesabu yao, ama sisi Waislamu hatukati hesabu yoyote inayojulikana. Na mwenye kudai katika jambo hili miaka elfu saba, au zaidi au pungufu, amesema jambo ambalo halikuthibiti kwa Mtume.

Akaja baada yake Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), akaitaja riwaya hiyo hiyo katika kitabu chake Al-Manar al-Munif, alichokiandika kuwafundisha watu namna ya kuzijua hadithi za uwongo. Hoja yake ni nyepesi, hata mtoto wa chuo anaweza kuifuata. Alisema: lau hadithi hii ingekuwa ya kweli, basi kila mtu angejua kuwa tangu wakati wetu huu mpaka Kiyama imebaki miaka 251. Na Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratil Aaraf kuwa ilimu ya Saa iko kwake peke yake, na kwamba haitatujia ila kwa ghafla. Na Jibrili alipomuuliza Mtume juu ya Saa, Mtume alimjibu kuwa hakuwa na ujuzi wa jambo hilo kuliko muulizaji. Basi vipi Mtume asiijue Saa, kisha awape watu hesabu ambayo kwayo kila mwenye vidole ataijua?

Nasi tuendelee na hesabu ya Ibn al-Qayyim. Miaka ile 251 ilikuwa iishe mwaka 1000 Hijria, yaani kiasi cha mwaka 1592 kwa tarehe ya miladi. Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga Ngome ya Mombasa, ambayo sote twaipita tukenda mjini. Kwa hesabu ya miaka elfu saba, ngome ile ilijengwa baada ya dunia kwisha! Na leo tumekwisha kuupita mwaka 1440 Hijria, na watu wangali wanaitaja hesabu ile ile kana kwamba haikutiwa kwenye mizani ikaonekana ni pungufu.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza watu kubabaishwa kwa hesabu. Mwishoni mwa karne ya tisa ya Hijria, katika Misri, ulienea uvumi kuwa Mtume hatakaa kaburini mwake miaka elfu. Imamu Suyuti akaandika risala mwaka 898 kuukanusha uvumi huo. Lakini yeye naye, pamoja na ukubwa wa daraja yake, aliegemea riwaya hizo hizo dhaifu, akakadiria kuwa umma hautavuka miaka 1500. Tunamrehemu na tunamheshimu. Lakini heshima ya mwanachuoni haiigeuzi riwaya dhaifu ikawa sahihi.

Mtu atauliza: basi hesabu hii ya maelfu machache imeingiaje kwetu? Jibu ni kuwa aghalabu ya khabari za namna hii zimetoka katika masimulizi ya watu wa Kitabu waliotutangulia, ambayo wanavyuoni huyaita Israiliyati. Mayahudi huanza tarehe yao ya kuumbwa ulimwengu katika mwaka 3761 kabla ya miladi. Na katika Wakristo, James Ussher, askofu mkuu wa Armagh katika nchi ya Ireland, alizijumlisha nasaba zilizomo katika Biblia, akatangaza katika kitabu chake cha mwaka 1650 kuwa ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya miladi. Tazameni basi ajabu hii: kijana wetu aliambiwa kuwa anafuata maneno ya wasiokuwa Waislamu, ilhali miaka elfu saba aliyotakiwa kuishika ndiyo inayofanana na hesabu za wasiokuwa Waislamu!

SIKU SITA NI SIKU GANI?

Huenda mtu akasema: tumekubali kuwa elfu saba haina msingi, lakini siku sita zimo katika Kurani, na siku ni saa ishirini na nne.

Tunajibu: siku yetu hii hutokana na kuchomoza jua na kuchwa. Kabla ya mbingu na ardhi kutengenezwa, jua lilichomoza wapi na likachwea wapi? Na Mwenyezi Mungu mwenyewe ametuzindua tusiipime siku yake kwa siku yetu. Katika Suratil Hajj ametwambia kuwa siku moja kwake ni kama miaka elfu katika hesabu yetu, na katika Suratil Maarij ametaja siku ambayo kadiri yake ni miaka elfu hamsini. Neno "yaumu" katika lugha ya Kiarabu huwa ni siku, na huwa ni muda au zama. Na wafasiri wa zamani walikhitalifiana: wako waliosema ni siku mfano wa siku zetu, na imepokewa kwa baadhi ya Salafi kuwa kila siku katika hizo ni miaka elfu. Hakuna aliyemkufurisha mwenziwe kwa sababu hiyo.

Lakini tunatahadharisha na upande wa pili pia. Asije mtu akachukua sita akaizidisha kwa elfu hamsini, akapata laki tatu, akatangaza mimbarini kuwa huo ndio umri wa ardhi. Wala asije mwingine akaikunja aya na kuinyosha mpaka itoke bilioni nne na nusu, ili apate kusema kuwa Kurani imewatangulia wazungu. Mwenyezi Mungu ametwambia katika Suratil Kahf kuwa hakuwashuhudisha viumbe kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Aliyoyanyamazia hakuyasahau. Kunyamaza kwake ni rehema, na ni ruhusa ya kutafuta.

AMRI YA KUTEMBEA NA KUTAZAMA

Ruhusa hiyo ni zaidi ya ruhusa, kwani ni amri. Katika Suratil Ankabut Mwenyezi Mungu anamwamrisha Mtume wake awaambie watu watembee katika ardhi watazame namna alivyoanza kuumba. Hakusema wakae majumbani wabishane. Basi na tutembee kidogo, tuanzie hapa petu.

Mwenye kupita Wasini huiona bustani ya matumbawe iliyo juu ya nchi kavu: matumbawe yaliyosimama kama yalivyosimama yalipokuwa hai, na bahari imeyakimbia. Mwenye kuingia katika mapango ya Shimoni huona makombe na matumbawe yameganda ndani ya jiwe, juu ya kichwa chake. Na mawe tunayojengea nyumba na misikiti pwani yote hii ni hayo hayo. Kila anayeegemea ukuta wa msikiti wa zamani ameegemea viumbe vilivyoishi chini ya bahari.

Je, tumbawe hukua kwa kasi gani? Yale makubwa yaliyo kama vichwa vya mawe hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, nayo huweka alama ya kila mwaka kama vile mti unavyoweka pete. Mwaka 2000 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa tumbawe moja la Malindi. Walilitoboa wakazihesabu alama zake, wakazikuta zimerudi nyuma mpaka mwaka 1801. Kiumbe kimoja, katika bahari yetu, kilikuwa hai kabla Sayyid Said bin Sultan hajaanza kutawala! Na hilo ni tumbawe moja tu. Miamba yetu ya pwani ni matumbawe yaliyopandana kizazi juu ya kizazi mpaka unene wa mita nyingi, kisha yakafa, yakashikana, yakawa jiwe, na bahari ikashuka. Wataalamu huinasibisha sehemu kubwa ya miamba hii na zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, kiasi cha miaka 125,000 iliyopita.

Na hiyo ndiyo miamba michanga. Tukiipa bahari mgongo tukapanda Shimba, tutakuta mawe ya mchanga ambayo ni ya zamani zaidi kwa mbali. Katika mawe ya jamii hiyo, upande wa Mazeras, hupatikana vigogo vya miti vilivyogeuka jiwe, na umri wake hukadiriwa kuwa kiasi cha miaka milioni 200.

Wala msidhani kuwa kulitazama jiwe kwa jicho hili ni bidaa iliyoletwa na wakoloni. Al-Biruni, mwanachuoni wa Khawarizmi wa karne ya tano ya Hijria, aliandika kuwa jangwa la Arabuni liliwahi kuwa bahari, na dalili yake ni makombe yanayotoka watu wanapochimba visima. Na alipokwenda Bara Hindi aliona kuwa mawe ya mviringo ni makubwa karibu na milima, kisha huzidi kuwa madogo kadiri mito inavyokwenda mbali, mpaka huwa mchanga. Akafahamu kuwa nchi ile ilikuwa bahari iliyojazwa na taka za mito. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), alieleza kuwa milima hufanyika kwa muda mrefu mno, akasimulia udongo aliouona utotoni kando ya mto Jaihun, kisha akaurudia baada ya miaka kiasi cha 23 akaukuta umeanza kuwa jiwe. Hao walisali kibla kimoja nasi. Sisi ndio tuliouacha urithi wao, kisha tukauona mikononi mwa wengine tukauita ukafiri.

SAA ILIYOMO NDANI YA JIWE

Sasa tufike kwenye swali la kijana: hiyo bilioni nne na nusu imejulikanaje?

Mfano wake ni mtungi unaovuja tone kwa tone ndani ya bakuli. Ukijua kuwa bakuli lilikuwa tupu mwanzoni, na ukijua kasi ya tone, basi ukipima maji yaliyomo bakulini na yaliyobaki mtungini, utajua mtungi ulianza kuvuja lini, ingawa hukuwapo. Yako madini ambayo Mwenyezi Mungu ameyaumba kwa hali hiyo. Madini ya urani hugeuka kidogo kidogo yakawa risasi, kwa kasi isiyobadilika kwa joto wala baridi ya ardhini. Nusu ya urani iliyo nyingi zaidi hugeuka kwa muda wa miaka karibu bilioni 4.5. Na iko punje ya jiwe iitwayo zirkoni, ambayo inapofanyika huikubali urani na kuikataa risasi. Basi risasi inayokutwa ndani yake baadaye ni ile iliyozaliwa humo humo. Hilo ndilo bakuli lililokuwa tupu.

Zirkoni hiyo si kitu cha mbali. Ilikuwamo katika mchanga wa Kwale, pamoja na madini ya titani, uliochimbwa tangu mwaka 2013 mpaka mwisho wa mwaka 2024 na kupakiwa melini Likoni. Vijana wetu walifanya kazi pale, na huenda hawakuambiwa kuwa punje walizokuwa wakizichambua ni saa za Mwenyezi Mungu. Na mlima wa Mrima, usio mbali nasi, ambao wazee wetu wa Kidigo wameuhifadhi msitu wake kwa kaya yao, una thoriamu kwa wingi, nayo pia ni madini yanayogeuka risasi polepole. Dalili hizi Mwenyezi Mungu hakuziweka Ulaya peke yake.

Katika nchi ya Australia zimepatikana punje za zirkoni zenye umri wa kiasi cha miaka bilioni 4.4. Na mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani aitwaye Clair Patterson alitangaza umri wa ardhi kwa kuipima risasi iliyomo katika vimondo, kikiwamo kimondo cha chuma cha Canyon Diablo. Ni mfano wa kile kimondo cha Mbozi kilichoko Tanzania. Vimondo hivyo vilifanyika pamoja na ardhi kutokana na asili moja. Alipata miaka bilioni 4.55. Tangu hapo vipimo vimerudiwa kwa njia mbalimbali, na hesabu inayotumika leo ni bilioni 4.54, na shaka iliyobaki ni kiasi cha milioni 50 kwenda juu au chini.

Wala hatusemi kuwa watu wa sayansi hawakosei. Lord Kelvin, aliyekuwa mkubwa wa wataalamu wa Uingereza, alikadiria mwaka 1862 kuwa ardhi ina baina ya miaka milioni 20 na milioni 400, na mwaka 1897 akashikilia baina ya milioni 20 na milioni 40. Alikosea, na nguvu hiyo ya madini iligunduliwa mwaka 1896 tu. Lakini tazameni adabu yao: kosa la mkubwa wao halikufanywa dini. Lilipimwa, likarekebishwa. Nasi wenye ilimu ya isnadi ndio tuliokuwa na haki zaidi ya adabu hiyo.

MTOTO WA PANGA YA SAIDI

Liko jambo jingine lililotokea pwani yetu, ambalo mwenye moyo hapaswi kulipita. Katika pango la Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walifukua mifupa ya mtoto mdogo, umri wake baina ya miaka miwili na nusu na mitatu. Khabari zake zilitangazwa mwaka 2021. Udongo uliomfunika ulipimwa, ukaonekana kuwa mtoto yule alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Alichimbiwa kaburi. Alilazwa kwa ubavu wake wa kulia, magoti yamevutwa kifuani. Na ilivyokaa mifupa ya shingo na mabega iliwajulisha wataalamu kuwa huenda alivishwa kitu, na kichwa chake kikawekewa mto.

Hatusemi kuwa watu wale walikuwa na sheria hii yetu, wala hatujui walimwomba nani. Hayo ni ghaibu. Wala Kurani haikututajia mwaka aliokuja Adamu (A.S.) ardhini, kwa hivyo hatuna haja ya kuutetea mwaka ambao hatukupewa. Tunasema hili tu: palikuwa na mama aliyelia, na mikono iliyochimba, na mtoto akalazwa kwa upole. Aliye tayari kuikanusha miaka yote ile kwa ajili ya riwaya isiyo na isnadi, na afikiri anachokikanusha.

MAKOSA MAWILI

Ndugu zetu, katika mas-ala haya watu hukosea kwa njia mbili.

La kwanza ni kosa la yule aliyemkemea kijana wetu. Yeye alidhani anaitetea dini. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), alikwisha kutuonya katika dibaji ya Tahafut. Aliueleza mfano wa kupatwa kwa jua na mwezi, ambako wahisabu huwa na dalili za yakini, akasema kuwa mwenye kudhani kuwa kuyapinga hayo ni katika dini ameitia dini makosani na kuidhoofisha. Mwenye kuiona dalili kwa macho yake hataitilia shaka dalili. Ataitilia shaka dini. Na madhara ya anayeinusuru dini kwa njia isiyokuwa yake ni makubwa kuliko ya anayeishambulia waziwazi. Maneno haya yamesemwa miaka zaidi ya mia tisa iliyopita, na lau tungeyasoma usiku ule, kijana angebaki darsani.

La pili ni kosa la mwenye kudhani kuwa ardhi ikiwa kongwe basi haina Muumba. Hii ni hoja gani? Mwenye kuikuta nyumba akaambiwa imejengwa kwa siku moja hukiri kuwa ina mjenzi. Je, akiambiwa imejengwa kwa miaka mia, atasema imejijenga? Urefu wa muda haumwondoi Mtengenezaji. Sayansi imetwambia lini na kwa namna gani. Haikuulizwa kwa nini, wala haina chombo cha kulipimia hilo. Kijana akiambiwa na mtu kuwa mionzi ya urani imemkanusha Mwenyezi Mungu, amuulize vile vile: dalili yako iko wapi? Adabu ya kudai isnadi ni kwa pande zote mbili.

WASIA WETU

Kwa walimu wa vyuo na madrasa: msimsomeshe mtoto hesabu ya miaka elfu saba kana kwamba ni nguzo ya imani. Nguzo tunazijua, na hiyo haimo. Mtoto akiuliza, na mwalimu hajui, aseme "Allahu aalam", kisha akatafute. Imamu Malik alikuwa akiulizwa maswali mengi akajibu kuwa hajui, na haikumpunguzia kitu.

Kwa wazazi: msiogope shule. Mzee wetu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 huko Mombasa, aliwahimiza watu wa pwani wazishike ilimu za dini na za dunia pamoja. Tumechelewa vya kutosha.

Kwa vijana: ulizeni. Lakini msiichukue hesabu ya bilioni mkaenda kuwacheka wazee nayo. Wazee wameipokea ile ya elfu saba kwa kuaminiana, kama mlivyoipokea nyinyi hii kwa mwalimu wenu. Aliyejua zaidi ameongezewa dhima, hakuongezewa ruhusa ya kiburi.

Na kwa kijana wetu yule: tulikufuata kwa mjomba wako, huko upande wa Shimoni anakochonga mawe. Tulikuomba msamaha mbele yake, nawe ukanyamaza kama tulivyonyamaza sisi. Kisha ukalichukua jiwe lenye kombe ndani yake ukatupa, ukasema, "Andikeni, nitasoma." Tumeandika. Jiwe lako liko msikitini, dirishani, karibu na mahali ulipokuwa ukikaa. Darsa ni baada ya Magharibi kama kawaida, na swali lako ndilo litakalofungua kikao.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili uturuzuku kuiepuka. Wala usitujaalie kuwa sababu ya mja wako yeyote kuukimbia mlango wako. Amin.

Wallahu aalam. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.